Bei ya Chungu Kimoja cha Maharage: Moshi, Vumbi na Mfuko Wako Katika Bonde la Mbeya

Panda kidogo kwenye miteremko ya Loleza mwezi wa Saba, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kisha geuka utazame chini. Jiji la Mbeya halionekani. Kuna shuka la kijivu limelala juu ya mabati, na chini yake unasikia majogoo, mbwa, na malori yanayobadilisha gia kuelekea Tunduma. Mgeni atasema ni ukungu. Mwenyeji akishuka hatua mia mbili tu, pua yake inamwambia kilichomo: kuni mbichi, mkaa uliowashwa kwa mfuko wa plastiki, na majani yanayoungua uani kwa mtu. Saa nne jua likishapasha ardhi, shuka lile huinuka na kupotea. Mwezi wa Nane ukiingia, mvua ikiwa imesahaulika na upepo umeamka, vumbi hushika zamu mpaka mvua za mwishoni mwa mwaka.

Tunaishi ndani ya bakuli. Mji umekaa mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, safu ya Mbeya ikiwa kaskazini na milima ya Uporoto upande wa kusini mashariki. Usiku hewa ya baridi, ambayo ni nzito, huteremka kutoka milimani na kutuama bondeni, na hewa yenye joto hukaa juu yake kama kifuniko. Moshi wa jikoni kwako hauendi mbali. Unalala na wewe, unalala na jirani, na asubuhi unawakuta watoto njiani wakienda shule.

Nimeandika makala haya kwa ajili ya mtu mwenye fedha kidogo mkononi anayejiuliza aanzie wapi. Matangazo ya majiko ni mengi, na kila muuzaji ana lake. Hesabu zilizomo humu unaweza kuzirudia mwenyewe kwa kalamu, kwa bei za dukani kwenu.

Moshi na vumbi havitibiwi kwa dawa moja

Chembe nyingi za moshi wa kuni zina kipenyo kisichofika mikroni 2.5. Unywele mmoja wa kichwani ni mnene mara 30 hivi kuliko chembe kama hiyo. Chembe hizo hupita puani na kooni, zikafika ndani kabisa ya mapafu, na zile ndogo zaidi huingia kwenye damu. Vumbi la barabarani kwa sehemu kubwa lina chembe nene zaidi, zinazokwama puani na kwenye njia ya hewa. Ndiyo maana vumbi linakufanya upige chafya papo hapo, wakati moshi unaweza kukudhuru miaka mingi bila wewe kujua.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba hewa chafu ya ndani ya nyumba ilisababisha vifo milioni 3.2 duniani mwaka 2020. Hapa nchini, Serikali hutaja vifo vipatavyo 33,000 kila mwaka vinavyohusishwa na nishati chafu ya kupikia. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa 2024 hadi 2034 unataka ifikapo mwaka 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapika kwa nishati safi.

Kwa mnunuzi, maana yake ni hii. Kumwagia barabara maji hakupunguzi moshi hata chembe. Jiko zuri kuliko yote haliondoi vumbi dirishani. Barakoa ya kitambaa inazuia vumbi nene, lakini moshi unapita. Ukinunua dawa ya ugonjwa mmoja ukitegemea itibu mwingine, fedha zimepotea.

Pima kwa chungu

Shangazi yangu anaishi Uyole. Jikoni kwake masizi yananing'inia kwenye kenchi kama nyuzi za buibui zilizochovywa kwenye lami, na siku ya mvua matone meusi hudondoka juu ya meza. Siku moja aliniinulia sufuria lake la maharage nilione. Ndani linang'aa, nje ni jeusi tii. "Mwanangu, ndani nasugua kila siku," aliniambia, "huku nje nilishakata tamaa." Nikawaza kwamba upande ule wa nje ndio ulio karibu na pua yake, saa tatu kila siku, siku zote za mwaka.

Maharage ndiyo yanayokula fedha za nishati katika nyumba zetu, pamoja na makande, kwato na nyama ya ng'ombe mzee. Chai ni dakika kumi, wali nusu saa. Maharage makavu huchukua saa mbili hadi tatu, na hapa kwetu huchukua muda mrefu kuliko Dar es Salaam. Si kwamba maharage yetu ni mabaya. Maji huchemka kwa joto dogo kadiri unavyopanda juu, karibu nyuzi moja kwa kila mita 300. Kwenye mita 1,700 yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi badala ya 100. Hata ukiongeza kuni, yatafoka zaidi lakini hayatapata moto zaidi.

Kwa hiyo usilinganishe majiko kwa bei ya jiko, wala kwa bei ya gunia au mtungi. Linganisha kwa bei ya chungu kimoja cha maharage, nusu kilo kavu, kutoka mbichi mpaka yaive. Katika jedwali hili kiasi cha nishati nimekitoa kwenye joto lililomo ndani ya kila nishati na sehemu ya joto hilo inayofika kwenye sufuria. Bei za mfano ni mkaa shilingi 1,200 kwa kilo, kuni 250 kwa kilo, na gesi mtungi wa kilo 6 kwa 24,000, yaani 4,000 kwa kilo. Kama kwenu bei ni tofauti, zidisha upya.

| Nishati na jiko | Kiasi kwa chungu | Gharama (Sh) |
|---|---|---|
| Kuni, mafiga matatu | kilo 1.2 | 300 |
| Kuni, jiko banifu lenye bomba | kilo 0.6 | 150 |
| Mkaa, jiko la bati | kilo 0.4 | 480 |
| Mkaa, jiko banifu la udongo | kilo 0.25 | 300 |
| Gesi | kilo 0.1 | 400 |
| Jiko la umeme la sahani | uniti 1 | 356 |
| Sufuria la umeme la presha | nusu uniti | 178 |
| Sufuria hilohilo, mteja wa D1 | nusu uniti | 61 |

Hesabu za umeme zinatokana na viwango vya TANESCO. Mteja wa kawaida, T1, hulipa shilingi 292 kwa uniti. Ukiongeza VAT asilimia 18, tozo ya nishati vijijini (REA) asilimia 3 na tozo ya mdhibiti (EWURA) asilimia 1 inafika 356. Mteja wa matumizi madogo, D1, hulipa 100 kwa uniti, yaani 122 pamoja na makato hayo, mradi asizidi uniti 75 kwa mwezi.

Kuni

Anayeokota kuni mwenyewe ataniambia kwamba kwake safu ya gharama ni sifuri. Namuelewa. Lakini mwendo wa kwenda mlimani na kurudi na mzigo kichwani ni siku nzima ya kazi, na msitu unasogea mbali kila mwaka.

Kama kuni ndiyo nishati yako kwa sasa, kuna mambo mawili ya bei ndogo yenye faida kubwa. La kwanza ni kuzikausha. Kuni mbichi nusu ya uzito wake inaweza kuwa maji, na moto hutumia nguvu yake kuyafukuza kabla ya kupika chochote. Moshi mweupe mzito unaouona asubuhi ni mti uliochomwa kabla haujakauka. Pasua kuni nyembamba, zipange juu ya mawe chini ya bati, upepo upite katikati, ziache miezi sita. Zinunue mwezi wa Tano kwa ajili ya mwezi wa Kumi na Moja.

La pili ni bomba. Jiko banifu la matofali na udongo lenye bomba la kutoa moshi hujengwa na fundi kwa siku moja au mbili, na udongo upo. Hupunguza kuni kwa karibu nusu na kuutoa moshi mbele ya uso wa mpishi. Lakini bomba linautoa moshi jikoni, haliutoi bondeni. Asubuhi ya baridi moshi uleule utaingia dirishani kwa jirani. Jiko la bomba ni hatua ya kwanza, usilifanye kituo cha mwisho.

Mkaa

Mkaa ndio ghali kuliko vyote katika jedwali, kwenye jiko la bati. Watu wengi hawaamini kwa sababu wananunua kwa kopo, elfu mbili leo, elfu mbili keshokutwa. Andika kwenye daftari kila kopo unalonunua kwa mwezi mmoja. Nimewaona watu wakishtuka wenyewe kwa jumla yao.

Kama huwezi kuachana nao mara moja, badili jiko kwanza. Jiko banifu, lile la bati lenye udongo wa kuchomwa ndani yake, tuseme kwa shilingi 15,000, hupunguza shilingi 180 kwa kila chungu. Ukipika vyungu viwili kwa siku ni 360, kwa mwezi 10,800. Jiko limerudisha fedha zake ndani ya mwezi mmoja na nusu. Kagua kabla ya kununua: gonga udongo kwa kidole, mlio wa kukwaruza ni ufa, tazama kama udongo umekaa imara ndani ya bati, angalia kama mlango wa hewa unafunga na kufunguka.

Mkaa mbadala wa matonge nao upo, kuanzia ule wa pumba na vumbi la mkaa hadi Rafiki wa STAMICO, shirika la madini la taifa, unaotokana na makaa ya mawe ya Kiwira, jirani zetu. Hupunguza ukataji wa miti, na mengi ya matonge hayo huwaka muda mrefu. Pima kwa uzito, si kwa idadi ya matonge, na uliza bei kwa kilo.

Sasa lisikilizwe hili vizuri. Mkaa uliokolea hautoi moshi, na hapo ndipo unapowadanganya watu. Unatoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, inayochukua nafasi ya oksijeni katika damu. Hili ni kweli kwa mkaa wa mti, mkaa mbadala, jiko la bati na jiko banifu. Kila majira ya kipupwe tunasikia habari ya familia iliyoingiza jiko chumbani ipate joto, ikafunga mlango, na isiamke. Hakuna jiko la mkaa lililo salama katika chumba kilichofungwa.

Gesi

Kwa chungu cha maharage gesi ni ya pili kwa ughali katika jedwali, lakini kwa chai ya asubuhi, mayai na mboga haina mshindani. Inawaka papo hapo na kuzimwa papo hapo, wakati jiko la mkaa linataka dakika ishirini za kupepea na huendelea kuungua baada ya chakula kuiva. Jikoni haiachi masizi.

Kikwazo kikubwa ni fedha ya kuanzia, na ile siku mtungi unaisha ghafla tarehe 20 mshahara ukiwa mbali. Mtungi wa kilo 6 unahitaji 24,000 kwa mkupuo. Anayepata elfu tano kwa siku hawezi kuzitoa zote pamoja ingawa kwa mwezi mkaa unamla zaidi. Dawa niliyoiona ikifanya kazi ni kibubu cha gesi: shilingi 1,000 kila siku, siku 24 mtungi umelipwa. Wanawake wa vikundi vya kukopeshana wameanza kuzungusha mtungi badala ya fedha taslimu, na naona ni akili njema.

Unaponunua, dai mizani. Uzito wa mtungi mtupu umegongwa juu yake. Ongeza kilo 6, na hiyo ndiyo namba unayopaswa kuiona. Muuzaji akikataa kupima, mtungi mwingine uko dukani kwa jirani yake. Kagua lakiri na mpira, na ukifika nyumbani paka povu la sabuni kwenye maungio. Povu likivimba, gesi inavuja. Mtungi ukae wima, mahali penye hewa, mbali na moto.

Umeme

Hapa ndipo hesabu iliponishangaza mimi mwenyewe. Tumezoea kusema umeme ni ghali, na kwa jiko la sahani la zamani kauli hiyo haiko mbali na ukweli. Sufuria la umeme la presha ni kitu kingine. Limefungwa, limekingwa joto lisitoke, na ndani yake maji hupita nyuzi 110 badala ya kuishia 94. Kwa sisi tunaoishi milimani faida hiyo ni kubwa kuliko ya mtu wa pwani. Maharage yaliyolowekwa huiva chini ya saa moja, kwa nusu uniti hivi, na huku wewe uko shambani au dukani.

Mteja wa D1 ana utajiri ambao wengi hawajauona. Kama taa, simu na redio vinakula uniti 25 kwa mwezi, zimebaki 50 kwa bei ya shilingi 122. Hizo ni vyungu 100 vya maharage. Kinachotakiwa ni nidhamu ya kutovuka 75, kwani kinachozidi kinatozwa shilingi 350 kwa uniti kabla ya makato, na ukizidisha mara kwa mara unahamishwa daraja. Mita ya LUKU inakuonyesha kila siku ulipofika. Isome kama unavyosoma salio la simu.

Tuseme sufuria hilo ni shilingi 150,000. Anayehama kutoka mkaa wa jiko la bati, kwa chungu kimoja kizito kila siku, anaokoa 300 akiwa T1, yaani 9,000 kwa mwezi. Fedha zimerudi baada ya miezi 17. Akiwa D1 anaokoa 419 kwa chungu, na miezi 12 inatosha. Nunua lenye dhamana ya maandishi, lenye sufuria la ndani linalotoka, na uliza kama mpira wa kifuniko unauzwa peke yake, kwa sababu ndio unaochakaa kwanza. Umeme ukikatika huna moto, kwa hiyo usiuze jiko lako la akiba.

Kwa wenye ng'ombe wawili au zaidi zizini, hasa upande wa Rungwe na Uporoto, biogesi nayo ifikiriwe. Ujenzi ni wa mamilioni, lakini samadi ni yako na mbolea inayotoka ni bora. Kumbuka kwamba katika baridi gesi huzalishwa polepole, hivyo mtambo ukae juani na ufunikwe vizuri.

Kisichouzwa dukani

Kabla hujanunua jiko lolote, loweka maharage usiku kucha. Funika sufuria. Kisha tengeneza kikapu cha joto: kikapu kikubwa, ndani uweke blanketi kuukuu au magodoro chakavu yaliyokatwa, na mto wa kufunika juu. Chemsha maharage yaliyolowekwa kwa dakika ishirini, toa motoni yakiwa yanafoka, zika ndani ya kikapu, ondoka. Ukirudi baada ya saa nne au tano yatakuwa yameiva au yamebakiza kidogo. Yachemshe tena kabla ya kula. Kwa nishati yoyote uliyonayo, gharama ya chungu inashuka kwa karibu nusu, na moshi nao vilevile.

Baridi ya kipupwe

Mtu haingizi jiko chumbani kwa ujinga. Anaingiza kwa sababu nyuzi zimeshuka hadi 6 na mtoto anatetemeka. Ukimwambia "usiingize" bila kumpa kingine hujamsaidia.

Hita ya umeme ya kilowati moja kwa saa tatu za jioni inakula uniti 3, shilingi 1,068 kwa T1. Kwa mwezi ni zaidi ya 32,000, na kwa mteja wa D1 inameza uniti zake 75 katika siku 25. Mfuko wa mpira wa maji moto, lita moja na nusu, unapashwa kwa shilingi 60 hivi za umeme na unakaa na joto chini ya blanketi kwa saa kadhaa. Dari la kawaida na matambara kwenye upenyo wa milango hulipwa mara moja na kufanya kazi miaka mingi, na mwezi wa Tisa upenyo huohuo ukizibwa unazuia vumbi. Katika matumizi yote niliyoyapima, hakuna shilingi 60 inayonunua uhai kwa bei nafuu kama ile ya mfuko wa maji moto.

Vumbi: bili ya mtaa

Moshi unaanzia jikoni kwako. Vumbi linaletwa na gari la mtu usiyemjua. Kwa hiyo hesabu yake hupigwa kwa mtaa mzima.

Mtaani kwetu barabara ni ya moramu. Mwezi wa Tisa mama muuza maandazi wa pale kona hufunika beseni lake kwa nailoni, na ukichora jina lako kwa kidole juu ya nailoni asubuhi, adhuhuri limefutika kwa vumbi jipya. Kikao cha mtaa kilipoitishwa, wazo la kwanza lilikuwa lami. Lami ndiyo suluhisho la kweli, lakini kilomita moja ni mamia ya mamilioni, na inategemea bajeti ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini. Tuiombe kwa maandishi kila mwaka, na tusikae tukiisubiri.

Maji ya boza ndiyo watu wanayoyafikiria pili. Chukua kipande cha mita 200, upana mita 6. Kwa lita moja kila mita ya mraba, mara mbili kwa siku, ni lita 2,400 kila siku, au 72,000 kwa mwezi. Hizo ni safari 7 hivi za boza la lita 10,000. Kwa 60,000 kila safari ni 420,000, na kwa kaya 40 ni 10,500 kila kaya kwa mwezi. Ikifika alasiri ya jua kali barabara imekauka tena. Kwa wiki ya msiba au sherehe sawa. Kwa kiangazi kizima ni fedha zinazokwenda na upepo, tena katika miezi ambayo watu hawana maji ya kunywa ya kutosha.

Dawa ya bei ndogo ni mwendo. Vumbi hupanda sambamba na kasi ya gari: kasi ikipungua kwa nusu, vumbi nalo hupungua kwa takriban nusu. Matuta mawili katika zile mita 200 yanafanya kazi usiku na mchana, kiangazi na masika, na hayanywi maji. Usiyajenge kienyeji, kwani tuta baya linaua mwendesha bodaboda usiku. Andikeni barua kupitia mwenyekiti wa mtaa kwenda TARURA, mkitaja shule au zahanati iliyo karibu, na muombe wakati huohuo barabara ishindiliwe na mifereji izibuliwe. Moramu iliyoshindiliwa vizuri na yenye mgongo wa kumwaga maji haitoi vumbi kama ile iliyovurugwa na mvua.

Molasi hushika vumbi kwa wiki kadhaa na kuoshwa na mvua ya kwanza, lakini viwanda vya sukari viko mbali nasi na usafiri ndio utakaowala. Chumvi za kushika unyevu hutegemea unyevu wa hewani, ambao Mbeya ya Septemba hauna. Oili chafu ya gereji, inayotolewa bure na wenye nia njema, ikataeni kabisa. Ina metali nzito, na mvua itaipeleka mtoni na kisimani.

Wanaoishi kando ya ujenzi wa njia nne kati ya Nsalaga na Ifisi wana jambo la ziada. Mradi mkubwa kama huo hufanyiwa tathmini ya mazingira kwa mujibu wa Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, na kudhibiti vumbi ni sehemu ya wajibu wa mjenzi. Msichangishane kulipia boza ambalo tayari limo katika gharama za mradi. Dai kwa maandishi, taja tarehe na saa, peleka serikali ya mtaa, na nakala NEMC, baraza la taifa la mazingira.

Nyumbani, panda uzio wa michongoma upande wa barabara, mnene kutoka chini. Deki badala ya kufagia kavu, maana ufagio hurudisha hewani kilichokwisha tua. Chakula kinachoanikwa kisogezwe nyuma ya nyumba.

Kulingana na mfuko

Bila fedha: loweka, funika, kausha kuni, acha kuwasha moto kwa plastiki na kuchoma taka uani.

Chini ya 20,000: jiko banifu la mkaa au udongo wa jiko la bomba, kikapu cha joto, mfuko wa maji moto.

Kati ya 50,000 na 100,000: mtungi mdogo wa gesi na kichwa chake kwa chai na mboga, huku maharage yakimalizikia kwenye kikapu.

Kuanzia 150,000 na umeme upo: sufuria la presha kwanza, kabla ya jiko kubwa la gesi la pleti nne. Usianze na kinachopendeza sebuleni. Anza na chungu kinachokaa motoni muda mrefu kuliko vyote, kwa sababu hicho ndicho kinachomaliza fedha na pumzi kwa pamoja.

Shangazi yangu alianza na kikapu, akafuata mtungi mdogo. Mafiga yapo bado, kwa siku za wageni. Nilimpa pia kipimo kisichogharimu kitu, nawe kichukue. Chukua sahani mbili nyeupe. Moja iweke jikoni juu ya kabati, nyingine dirishani upande wa barabara. Ziache kuanzia Jumamosi hadi Jumamosi, kisha zifute kwa pamba nyeupe na uitunze pamba hiyo kwenye bahasha yenye tarehe. Ile ya jikoni itakuambia juu ya moto wako, ile ya dirishani juu ya mtaa wako. Mwezi ujao, baada ya kununua au kubadili chochote, fanya tena. Bahasha ya dirishani ipeleke kwenye kikao cha mtaa, uifungue mezani mbele ya mwenyekiti.